Siku Moja Bagamoyo

Mwezi huu tunaweka kando habari za chanjo na lishe, tuwasimulie matembezi ya umoja wa akina mama wa kanisa letu. Tulikuwa ishirini na sita, kutoka Shinyanga, Kahama na Geita. Tulichanga kidogo kidogo mwaka mzima, na waume zetu walitucheka sana: eti mtu asafiri usiku na mchana akatazame magofu!

Lakini Bagamoyo si mji mgeni kwetu. Ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na kabla yao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Wapagazi walioshusha pembe za ndovu pale walikuwa kwa wingi Wanyamwezi na Wasukuma, yaani babu zetu. Kutoka Tabora walitembea kama miezi mitatu. Na wanawake nao walifuatana na misafara, wakibeba vyungu, mikeka na watoto, na wakifika kambini jioni ndio wapishi. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mkubwa wetu katika safari, alisema, "Kumbe sisi tumekuja kwa basi tunalalamika miguu!"

Kuhusu miguu, shauri moja kwa wanaojiandaa kusafiri. Msikatae kunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Kunyweni, na gari likisimama shukeni mtembee. Wawili wetu waliokaa bila kuinuka walifika wamevimba hata viatu havikuingia.

Kijana aliyetuongoza alianzia Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo, mji wa tangu karne ya 13. Zamani nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli kutoka China. Ngome na boma la Wajerumani tulipita upesi, maana jua lilikuwa kali.

Misheni ndiko tulikokaa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa Unguja. Mnara wa kanisa lao la kwanza ungali umesimama. Humo ulilazwa mwili wa David Livingstone usiku wa tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, walimbeba kwa miezi tisa, wakapitia Tabora.

Sisi wauguzi tulimwuliza kijana maswali mengi hapo. Aliyeutengeneza mwili ni Farijala, ambaye zamani alimtumikia daktari mmoja Unguja. Walizika moyo na matumbo chini ya mti, wakatia chumvi, wakaukausha mwili juani wiki mbili, kisha wakauviringisha kwa nguo na gome la mti. Nasi siku hizi umeme ukikatika saa tatu chumba cha maiti tunahangaika!

Halafu yuko Halima, mpishi wake, ambaye watu hawamtaji. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba mama huyo hakuiba kamwe, na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani. Akafa kabla ya kufika.

Katika makumbusho, ndani ya nyumba iliyokuwa ya masista, tulionyeshwa minyororo. Mwenzetu mmoja akauliza, "Watu hawa waliuzwa na nani?" Kijana hakuficha. Alisema wengine walitekwa vitani, wengine walitolewa kwa deni, na wakati wa njaa wapo wazazi waliomtoa mtoto ili wapate chakula, wakitumaini kumkomboa baadaye.

Mama yule akanyamaza hadi tulipokaa kula, chini ya miembe. Ndipo akasema, "Mimi sikumuuza. Nilipewa gunia moja la mahindi tu, na ahadi ya mshahara." Binti yake amemaliza darasa la saba, na kuna mwanamke aliyeahidi kumpeleka machimboni, upande wa Geita, akasaidie kupika kwa mama lishe. Alikuwa aondoke wiki ile ile.

Hakuna aliyemlaumu. Mwaka ule mvua iliwanyima, na ana watoto watano. Lakini tunaofanya kazi wodini tunawajua mabinti wa namna hiyo: huletwa kujifungua wakiwa na miaka 15, na ukiuliza jina la aliyemleta machimboni, hajui.

Bibi wetu akamwuliza, "Mayu, huyo mtu kwao unakujua?"

"Sikujui."

"Na yeye kwako anakujua."

Tulipofika Msata akaomba simu ya mwenzake, akashuka, akaenda kuzungumza pembeni. Mume alikataa kwanza, kwa kuwa mahindi yalikuwa yameliwa nusu. Dereva akapiga honi mara mbili, tukamwambia asubiri.

Binti yuko nyumbani, anajifunza cherehani kwa mama mmoja wa umoja wetu. Tumechanga debe tatu kujazia zilizoliwa, na gunia lilirudishwa likiwa zima, mbele ya mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kitongoji.