Redio za polisi zafungwa kwa ufunguo: nani alindwe, na nani asikie?



Tangu mwaka 1932, mkaazi yeyote wa New York aliyekuwa na redio inayofaa aliweza kukaa nyumbani kwake akawasikia polisi wakielekezana: nendeni mtaa huu, mtu kapigwa risasi; nendeni barabara ile, gari mbili zimegongana. Kwa zaidi ya miaka 90 sauti hizo zilikuwa wazi. Mwezi wa Julai 2023, redio za vituo kadhaa vya eneo la Brooklyn zikanyamaza. Polisi waliendelea kuzungumza kama kawaida, ila mazungumzo yao yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo ambao raia hana.

Novemba mwaka huo, maofisa wa polisi walifika mbele ya Baraza la Jiji na kueleza kwamba mradi mzima wa redio mpya utagharimu dola milioni 390. New York haikuwa ya kwanza. Denver ilifunga redio zake mwaka 2019, Chicago ikafuata kuanzia 2022 na Baltimore 2023. Jamaa zetu walio Marekani wanaishi katika miji ya aina hii, na suala lenyewe linamhusu kila anayeishi chini ya ulinzi wa polisi, popote alipo.

Mambo mawili yanayochanganywa

Zamani kila kituo cha polisi kilikuwa na masafa yake. Msikilizaji alinunua skana, yaani redio inayopita masafa moja baada ya jengine na kusimama pale inapokuta sauti. Baadaye redio zikawa nyingi na masafa hayakutosha, ndipo ukaja mfumo wa tranki.

Fikiria benki. Zamani kila dirisha lilikuwa na foleni yake. Hili limejaa watu, lile karani amekaa bure. Siku hizi foleni ni moja, na anayefika mbele huitwa kwenye dirisha lolote lililo wazi. Tranki hufanya hivyo kwa masafa. Kompyuta hugawa chaneli kila askari anapobonyeza kitufe, na redio za kundi lake huhamia huko kwa pamoja. Skana ya zamani ikijaribu kufuata hupata vipande vya maneno tu. Skana ya kidijitali huisoma chaneli inayotoa maelekezo hayo, kisha hulifuata kundi popote linapopelekwa.

Kwa hiyo tranki peke yake haifichi kitu. Kinachoficha ni usimbaji fiche: sauti inageuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zinachanganywa kwa ufunguo wa siri, na asiye na ufunguo anasikia mchakaricho au kimya. Mji unaweza kuwa na mfumo mpya kabisa wa tranki na bado ukauacha wazi. Raia anapoambiwa kwamba redio zimefungwa kwa sababu "mitambo ni mipya", hajaambiwa jambo lote. Kufunga ni uamuzi wa viongozi, na kila uamuzi wa viongozi unaweza kuulizwa sababu zake.

Hoja za polisi zina uzito

Tuwe waadilifu. Polisi wanasema wahalifu husikiliza na kukimbia kabla hawajafikiwa, na kwamba wapo wanaoingilia mazungumzo kwa maneno ya upuuzi na miito ya uongo. Hilo ni kweli na lina hatari yake.

Kubwa zaidi ni heshima za watu. Askari anapomsimamisha mtu husoma redioni jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni. Mwanamke aliyepigwa na mumewe anataja anuani yake. Mtoto aliyedhulumiwa anatajwa. Haya yakisikika na mji mzima, mwenye shida amedhulumiwa mara ya pili. Oktoba 2020, Wizara ya Sheria ya jimbo la California iliagiza idara za polisi zilinde taarifa za namna hiyo, ama kwa kufunga redio au kwa kuweka utaratibu mwengine wa kuzipitisha.

Na tukumbuke Boston, Aprili 2013, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni. Maelfu ya watu walisikiliza redio za polisi kupitia intaneti na kuandika kila walichodhani wamekisikia. Polisi ikabidi wawaombe watu waache kutangaza mahali askari walipo. Usiku ule lilienea jina la kijana asiyehusika kabisa, na ikadaiwa kwamba limesikika redioni. Familia yake ilikuwa ikimtafuta kwa wiki kadhaa, na baadaye alipatikana akiwa amefariki. Walioeneza jina lile walifuta walichoandika. Maumivu ya wazazi hayafutiki kwa namna hiyo.

Lakini kufunga kila kitu kuna gharama

Redio iliyo wazi ndiyo iliyowafikisha waandishi wa habari kwenye tukio kabla taarifa rasmi haijaandikwa. Wanaopinga kufungwa kwa redio New York hutaja kifo cha Eric Garner, mtu mweusi aliyekabwa shingo na askari Julai 2014. Wanasema bila ya waandishi kusikia redio siku ile, huenda ulimwengu usingeiona video yake. Vikosi vya kujitolea vya gari za wagonjwa navyo vilizoea kusikiliza ili viwahi majeruhi.

Waislamu wa New York wana sababu yao ya kulifuatilia suala hili. Mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilifichua kwamba polisi wa jiji hilo walikuwa na kitengo kilichopeleleza misikiti, mikahawa na jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu. Mwaka uliofuata afisa wa juu alikiri chini ya kiapo kwamba, katika muda wake, kazi ya kitengo hicho haikuwahi kuzaa fununu iliyoanzisha uchunguzi wa ugaidi. Kitengo kikavunjwa 2014. Habari ile ilitoka kwenye nyaraka za ndani na kazi ya waandishi, haikutoka redioni. Funzo lake ni kwamba chombo chenye nguvu juu ya watu kinahitaji macho ya watu, na kila dirisha linalozibwa lazima lifunguliwe jengine badala yake.

Ipo njia ya kati

Mfano mzuri ni mji wa Palo Alto, huko huko California. Januari 2021 ulifunga redio zake zote kufuata agizo la jimbo. Wakaazi na waandishi wakalalamika. Septemba 2022 mji ukazifungua tena. Kuelekezwa kwa askari, yaani nani aende wapi na kuna nini, kukabaki wazi. Jina la mtu na taarifa zake zikawa zinapelekwa kwa simu au kwa kompyuta ya ndani ya gari.

Chicago iliamua kuwaruhusu raia kusikiliza baada ya dakika 30, Baltimore baada ya dakika 15. Hiyo ni nafuu, ila ina kasoro. Mwandishi anayesikia baada ya nusu saa hufika na kukuta barabara imeshasafishwa. Palo Alto walifanya kazi ngumu zaidi, ya kutenganisha maneno yanayostahili siri na maneno yanayowahusu watu wote. Hapo ndipo lilipo jambo zima, kwa maoni yetu. Siri ni haki ya mwanamke aliyepiga simu kuomba msaada. Isigeuzwe kuwa pazia la askari aliyekwenda kumsaidia.

Tena kufuli lenyewe si la kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Nchi nyingi hutumia mfumo uitwao TETRA, ambao kanuni zake za usimbaji zilifichwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walionesha kwamba moja ya kanuni hizo, TEA1, ilikuwa na ufunguo wa biti 80 uliopunguzwa kimyakimya hadi biti 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inaweza kuuvunja kwa muda mfupi. Walionunua walidhani wana mlango wa chuma. Mwishoni mwa mwaka huo taasisi ya viwango ya Ulaya ikakubali kuzitoa kanuni hizo hadharani ili zichunguzwe.

Na sisi wa visiwani?

Sheria za kusikiliza hutofautiana. Marekani, sheria ya taifa inaruhusu kusikiliza redio ya polisi iliyo wazi, ingawa baadhi ya majimbo yanazuia skana ndani ya gari. Uingereza ni kosa kusikiliza ujumbe usiokusudiwa kwako. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila ya idhini. Kijana aliyenunua kifaa mtandaoni na kukichomeka kwenye kompyuta asidhani ni mchezo wa skuli.

Hata hivyo, kisiwa kinajua thamani ya redio iliyo wazi. Chaneli ya 16 ya vyombo vya baharini ni wazi duniani kote kwa makusudi, ili nahodha anayezama asikiwe na yeyote aliye karibu. Hakuna anayeiita hiyo tajassusi. Anayeomba msaada baharini anataka asikiwe na kila mtu, na anayetaja aibu ya nyumba yake mbele ya askari hataki asikiwe na jirani. Dini yetu imekataza kupekua siri za watu, na imetuamuru kuthibitisha habari kabla ya kuifuata. Makatazo hayo mawili yangetosha kumzuia mtu asifanye yaliyofanyika Boston.

Kwa hiyo wazazi, jina la mtu likiingia kwenye kundi la WhatsApp pamoja na maneno "polisi wamesema", lisitoke mkononi mwako mpaka ithibitike. Na viongozi wakisema wanafunga jambo kwa ajili ya usalama, tuwaulize kwa adabu: usalama wa nani, na ni njia gani mmetuachia ya kujua?

Wallahu a'alam.