Kamina inahitaji kambi nyingine: kambi ya ngoma

Hapa Kamina, mtu akitamka neno kambi, wote wanawaza askari. Base ya jeshi iko hapa tangu wakati wa Wabelgiji, na jina la mji wetu linasikika Kinshasa zaidi kwa sababu yake na kwa sababu ya reli. Mimi naomba kambi ya namna nyingine. Juma moja tu, kila mwaka, katika likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane, ambamo watoto wetu, wasichana na wavulana, watafundishwa kupiga ngoma na kucheza kiuno na wale wanaoijua kazi hiyo. Isiwe sherehe ya kumpokea mkubwa anayeshuka kwenye ndege. Iwe masomo, na wafundishaji walipwe.

Najua wengine watacheka. Watauliza: barabara zimekufa, umeme hakuna, walimu wa shule wanalia mishahara, na wewe unaleta habari za kutikisa kiuno? Naomba wasome hadi mwisho.

Kwanza, mambo haya si ya mzaha kwa watu wengine. Katika misitu ya Mendocino, huko California, Marekani, kumekuwa kwa miaka mingi kambi ya muziki na michezo ya Mashariki ya Kati. Watu wazima wenye kazi zao wanaacha nyumba, wanalipa dola, wanalala porini siku kadhaa ili wajifunze kucheza tumbo kama Wamisri na kupiga ngoma inayokwenda na mchezo ule. Upande wa Afrika, Mamady Keïta wa Guinea alifungua shule ya djembe Brussels mwaka 1991, kisha akawa anawaleta wanafunzi wa kizungu hadi nchini kwake kujifunza. Alipofariki mwaka 2021, wanafunzi wake walikuwa wametawanyika duniani kote. Hakuvumbua kitu kipya. Alichukua ngoma ya kijiji chake, akaipangia masomo na bei.

Sisi wa Kamina tulikuwa na nini? Tulikuwa na kitu ambacho dunia inakijua kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika hapa. Alikusanya watoto wa shule pamoja na walimu wao, akaunda kundi lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutoka kundi hilo ilizaliwa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa sauti na mapigo ya kwetu. Iliimbwa katika misa kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu 1958, katika misheni ya Saint-Bavon, hapa hapa Kamina. Mwaka ule ule watoto wale walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, na katika nchi za jirani.

Sahani iliyorekodiwa ilizunguka dunia. Mwitaliano Pasolini aliitia katika filamu yake juu ya Injili ya Matayo mwaka 1964. Mwingereza Lindsay Anderson aliitia katika filamu yake If...., iliyopata zawadi kubwa ya Cannes mwaka 1969. Hadi leo kwaya za Ulaya na Marekani zinaimba Missa Luba, na zinaimba pia nyimbo za Kiluba zilizokuwa kwenye sahani ile, bila kujua Kamina iko wapi kwenye ramani.

Misa ile haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Ilitoka vinywani mwa watoto na walimu wa Kamina, wakitunga kwa kuimba, kama tunavyofanya kwenye kilio au kwenye harusi. Karatasi zilikuja baadaye, na jina kubwa juu ya sahani likawa la padri. Simlaumu padri. Alisikiliza wakati wazungu wengi wa siku zake waliziita ngoma zetu kelele za wapagani. Lakini miaka zaidi ya 60 imepita, na sisi wenyewe tumejenga nini? Mtoto wa Kamina anayetaka leo kujifunza ngoma ya babu zake, kwa mpango na kwa siku zinazojulikana, anabisha mlango gani?

Tunaita wapiga ngoma lini? Waziri akija. Mgombea akija kutafuta kura. Wanapiga juani saa tatu, wanapewa fulana yenye picha ya mkubwa na chupa ya bia, kisha kila mmoja anarudi kwake kwa miguu. Kijana anayeangalia hayo anajifunza jambo moja: kwamba ngoma ni kazi ya maskini. Hawezi kumfuata mzee amfundishe.

Na mzee akifa, kinachopotea si mapigo tu. Chukua kyondo, ule mti uliochongwa na kutobolewa ndani, usio na ngozi. Una sauti mbili, ya juu na ya chini. Kiluba nacho ni lugha ya sauti: neno linabadilika maana kwa kupanda au kushuka. Ndiyo maana kyondo kiliweza kusema. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana sauti, mpigaji hatumi neno moja. Anatuma msemo mrefu unaojulikana, ili msikilizaji asichanganyikiwe. Mmisionari John Carrington, aliyeishi kwa Walokele karibu na Kisangani, alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1949. Sasa fikiri: watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa, wanacheza barabarani kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina sauti hizo za kupanda na kushuka zinazobadilisha neno. Mtoto asiyejua Kiluba anaweza kusikia kyondo kikilia, lakini hawezi kukisikia kikisema. Kwa hiyo kambi ninayoitaka ingefundisha mikono asubuhi na lugha mchana. Bila lugha, tutabaki na kelele nzuri.

Wazee wetu walijua uzito wa jambo hili. Katika masimulizi ya Ufalme wa Waluba, mfalme Nkongolo alitaka kumwua Kalala Ilunga. Alichimba shimo, akapanda mikuki ndani, akalifunika, kisha akamwalika acheze juu yake. Mpiga ngoma aliona hatari. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alimwonya kwa mapigo. Kalala Ilunga alisikia, akaruka, akatoroka, na baadaye akawa mfalme. Tunajisifu kwamba sisi ni wajukuu wa Kalala Ilunga. Lakini tungealikwa leo kucheza juu ya shimo lile, wangapi kati yetu tungeelewa onyo?

Nije sasa kwenye kiuno, maana najua ndipo wengi wanapokasirika. Wazazi wengi, na wachungaji wengi wa makanisa ya uamsho, wanasema mchezo wa kiuno ni uchafu, na binti anayeujua amepotea. Naelewa woga wao. Wanaona video kwenye simu: msichana wa miaka 13, mwanamume anamrekodi, watu wasiojulikana wanatoa maoni. Mzazi asiyeogopa hilo si mzazi.

Lakini anayemfundisha binti huyo leo ni nani? Ni simu. Zamani walikuwa akina mama. Hata kwa ndugu zetu wa pwani ilikuwa hivyo. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mzee sana, hakuwa mwimbaji wa taarabu peke yake. Alikuwa mwalimu wa unyago. Alipiga ngoma yeye mwenyewe, akawafundisha mabinti kiuno pamoja na maneno ya mwili, ndoa na heshima, ndani, mbali na macho ya wanaume. Kiuno kilikuwa somo, na somo lilikuwa na mlango uliofungwa. Tulipoacha kufundisha, mchezo haukuondoka. Ulitoka nje ya mlango, ukaingia kwenye simu.

Kuhusu kanisa, tukumbuke historia. Mwaka 1988 Roma ilikubali misa ya majimbo ya Zaire, ambayo wengi tunaiita rite zaïrois, na humo kucheza ni sehemu ya sala. Papa Francis aliiongoza Roma mwaka 2019, na mwezi wa pili 2023 aliiongoza kwenye uwanja wa ndege wa Ndolo, Kinshasa, mbele ya umati uliohesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Mwili unaocheza unaweza kuwa na heshima. Inategemea nani anafundisha, wapi, na mbele ya nani.

Kwa hiyo masharti yawe wazi. Wasichana wafundishwe kiuno na akina mama. Wazazi waingie wakati wowote bila kuomba ruhusa. Simu zibaki mlangoni, hata simu ya mkubwa. Na wasichana wapige ngoma pia, wasiachiwe kucheza tu. Jirani zetu wametuonyesha njia mbili. Burundi, amri ya rais ya mwezi wa kumi 2017 ilikataza wanawake kupiga ngoma za kifalme. Rwanda, tangu 2004, wanawake wa kundi Ingoma Nshya wanapiga ngoma ambazo zamani walikatazwa, na wamealikwa nchi nyingi. Kila mtu achague anapotaka binti yake asimame. Mimi nimechagua.

Liko jambo jingine ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Mutuashi, mchezo wa kiuno uliotangazwa na marehemu Tshala Muana, aliyefariki mwezi wa kumi na mbili 2022, ni wa Kasai. Lakini yeye alizaliwa Lubumbashi, mwaka 1958. Reli inayotoka Lubumbashi kwenda Kasai inapita hapa kwetu. Mwaka 1992 na 1993, reli hiyo hiyo iliwapeleka Wakasai waliofukuzwa Katanga, wamelala stesheni na watoto wao, wengine wakifia njiani. Chuki ile haijakufa. Inaamshwa kila uchaguzi unapokaribia. Sisemi kwamba ngoma inaponya chuki. Nasema mtoto wa Kaniama, wa Malemba-Nkulu na wa Mwene-Ditu waliokula bukari kwenye sahani moja kwa juma zima, mmoja akimpigia mwenzake ngoma ili acheze, watakuwa wagumu kidogo kudanganywa na mtu mwenye megafoni.

Makuta yatatoka wapi? Hesabu si kubwa kama watu wanavyofikiri. Madarasa ya shule na kumbi za parokia yako tupu mwezi wa saba na wa nane. Ni wakati wa kiangazi: hakuna mvua, na ngozi ya ngoma inakaa imekauka na kukazika, haihitaji kupashwa moto kila mara. Kinachohitajika ni unga, maharagwe, samaki, mablanketi kwa sababu usiku wa Kamina wakati huo una baridi, mtu wa afya, na ngozi na miti ya kutengenezea ngoma mpya, ili watoto wajifunze kuitengeneza na si kuipiga tu.

Na mshahara. Hapo ndipo sitakubali mazungumzo ya kujitolea. Mzee anayejua misemo ya kyondo ni mwalimu. Mama anayejua kiuno na maneno yake ni mwalimu. Walipwe kwa siku, kwa bei iliyoandikwa na kutiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza. Na kama mtu atakuja kurekodi, karatasi iseme nani ni mwenye wimbo na nani atapata nini. Hatutaki Missa Luba nyingine inayozunguka dunia bila majina ya waliyoitunga.

Katiba yetu, kifungu cha 46, inaipa Serikali kazi ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa na kuuendeleza. Serikali ya jimbo la Haut-Lomami isingoje Kinshasa. Ianze na watoto 50, kumi kutoka kila teritware: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Parokia itoe fasi ya kulala. Chuo Kikuu cha Kamina kitume wanafunzi wake waandike misemo ya kyondo kutoka kwa wazee wangali hai, wakati watoto wanajifunza kuipiga.

Siku ya mwisho, wazazi waalikwe, na watoto wapige na kucheza mbele yao. Gavana naye aje, lakini akae upande wa wasikilizaji, asisome hotuba. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, wafundishaji waitwe mmoja mmoja kwa majina yao na kulipwa mbele ya watoto. Nataka watoto waone hilo.