Bendi Hizi Zinapimwaje?

Nani aliyeiambia Serikali ya Kenya kwamba umaskini wa raia ni siri ya dola? Tangu Rais William Ruto atangaze mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu vya umma Mei 2023, mtoto wa Turkana na mwenzake wa Lavington, mtaa wa matajiri jijini Nairobi, hujaza fomu ile ile mtandaoni. Wanaulizwa habari za wazazi, shule walizosoma, ukubwa wa familia, gharama za elimu nyumbani. Wanabonyeza, wanangoja. Jibu linarudi: Bendi ya 4, yaani daraja la uwezo wa familia linaloamua italipa asilimia ngapi ya gharama ya kozi. Kwa nini 4 na si 1? Kimya.

Na tarakimu hiyo ni pesa taslimu. Chukua kozi ya Sh200,000 kwa mwaka. Familia ya Bendi ya 1 hulipa asilimia 5, yaani Sh10,000. Ya Bendi ya 4 hulipa asilimia 30, yaani Sh60,000. Mama anayeuza mitumba Gikomba azitoe wapi hizo Sh50,000 za ziada, eti kompyuta imeona anajiweza? Na hapo hatujagusa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) unaomngoja kijana mlangoni akihitimu, kazi iwepo isiwepo.

Zamani mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, atoke Mandera au Runda. Sisemi mfumo ule ulikuwa malaika. Serikali iliahidi kugharamia asilimia 80 ya kila kozi, ikawa inatoa pungufu mwaka baada ya mwaka, hadi vyuo vikazama katika madeni ya mabilioni na wahadhiri wakawa wanagoma kila kukicha. Lakini aliyekwepa deni hapo ni nani? Si mwanafunzi. Mdeni mkuu amegeuka, sasa anampekua mzazi mifuko!

Utasikia maafisa wakitetea usiri wa bendi hizi: kanuni ya kuzipanga ikianikwa, watu watadanganya. Upuuzi. Viwango vya kodi ya mapato viko wazi na kila mwajiriwa anavijua. Mamlaka ya Mapato (KRA) haijavificha kwa kuhofia wakwepaji, huwasaka. Inakuwaje serikali ikidai chake itangaze hesabu hadi senti ya mwisho, ila ikigawa cha umma ifunge pazia?

Katiba haina utata. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamlinda mtu dhidi ya kuamuliwa mambo mazito na mtambo peke yake. Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliuharamisha mfumo huu. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi wake, na bendi zikaendelea kugawa watoto.

Waziri wa Elimu achapishe uzito wa kila swali katika fomu ile, pamoja na kiasi halisi ambacho kila chuo kimepokea, si kilichoahidiwa. Nawe mzazi uliyepewa bendi usiyoielewa, usiishie kukata rufaa tu. Andika barua chini ya Kifungu cha 35, udai hesabu iliyotumika kukupima, na nakala ipeleke kwa mbunge wako. Atakuja kuomba kura 2027.