Si Kila Kifo cha Ghafla ni Presha

Hivi mmegundua kwamba msibani tuna majibu mawili tu kwa mgonjwa wa kansa aliyefariki ghafla wiki mbili baada ya oparesheni? Presha ilipanda, au kuna mkono wa mtu. Kuna jibu la tatu ambalo madaktari wanalijua tangu karne ya 19, wakati Mjerumani Rudolf Virchow alipoeleza safari yake: damu inaganda kwenye mshipa wa mguu, bonge linang'oka, linapita kwenye moyo na kwenda kuziba mshipa wa mapafu.

Wenye kansa wanaandamwa zaidi. Kansa yenyewe huifanya damu igande kirahisi. Mpasue, mwili unazidi kugandisha damu ili ufunge jeraha. Kisha mlaze kitandani siku kadhaa, misuli ya miguu isisukume damu.

Likishafika kwenye mapafu, daktari anakuwa katikati ya moto miwili. Bonge linataka dawa ya kuzuia damu isigande, kidonda kibichi kinataka damu igande. Zipo dawa kali za kuyeyusha bonge haraka, ila kwa mtu aliyepasuliwa juzi zinaweza kumwaga damu ndani kwa ndani, kwa hiyo huachiwa yule ambaye maisha yake yako ukingoni. Wengi hutibiwa kwa sindano za jamii ya heparini. Na si sindano za siku mbili tatu! Tiba huchukua miezi 3 hadi 6, au zaidi kama kansa bado ipo.

Kwa nini sindano, wakati vidonge vya warfarini ni rahisi? Mwaka 2003 ulitoka utafiti uitwao CLOT, wa wagonjwa 676 wa kansa waliokwishaganda damu. Ndani ya miezi 6, karibu 17 kati ya 100 waliopewa vidonge vya jamii hiyo walipata bonge jingine. Kwa waliochomwa dalteparini ilikuwa karibu 9. (Warfarini pia ina ugomvi na mchicha na matembele, waliowahi kuitumia wanajua.) Leo kuna vidonge vipya kama apiksabani, ingawa kwa kansa za tumbo na utumbo madaktari huenda navyo taratibu kwa kuhofia kutokwa damu.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2002 utafiti mwingine uliwafuata watu waliopasuliwa kansa ya tumbo au nyonga. Waliochomwa enoksaparini kwa wiki moja hivi, asilimia 12 waliganda damu kwenye mishipa. Walioendelea hadi wiki nne, asilimia 4.8. Maana yake hatari haibaki wodini, inapanda daladala na mgonjwa.

Nimesoma karatasi za kuruhusiwa za ndugu zangu watatu. Nyuzi zitolewe lini, kliniki tarehe ngapi, basi. Hakuna neno kuhusu mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuishiwa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, au kukohoa damu. Nikiuliza naambiwa sindano ni ghali na wagonjwa wasitishwe. Jamani! Bei ni vita halali, na bima zipiganiwe, maana Shirika la Afya Duniani liliiweka enoksaparini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Lakini mstari mmoja wa wino unagharimu shilingi ngapi?

Nasi ndugu tuna letu. Daktari kasema atembee, sisi tunamzuia asiende hata chooni, eti apumzike. Mguu ukivimba tunausugua kwa mafuta ya nazi badala ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kumchukua mama wodini kesho, kabla hujabeba mabegi muulize daktari: sindano za kuzuia damu isigande ataendelea nazo siku ngapi nyumbani? Akisema hakuna, muulize kwa nini, na jibu liandikwe kwenye karatasi.