“Mtandao unasumbua” si jibu

Mtandao unasumbua, rudi kesho. Kwa maneno hayo manne, mtu aliyevuka kwa boti kutoka Msanga Mkuu, au aliyelipa bodaboda kutoka Msimbati, huondoka dirishani bila huduma na bila sababu. Hakuna aliyemdanganya, ni kweli mashine imegoma. Lakini maneno hayo yanafunika hitilafu za aina nyingi, kila moja na fundi wake na muda wake wa kupona, na yakishatamkwa hakuna anayelazimika kutafuta ni ipi. Naamini kila ofisi inayohudumia umma Mtwara inapaswa kusema ni hatua gani ya mawasiliano iliyokwama. Mafundi waliweza kulifanya hilo miaka thelathini iliyopita, kwa vifaa dhaifu kuliko simu iliyo mfukoni mwa mhudumu leo.

Intaneti ya kupiga simu iliingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, laini zikiwa za TTCL na watoa huduma wengi wakiwa Dar es Salaam. Kompyuta iliunganishwa na modemu, na modemu na laini ya kawaida ya simu. Kasi ya juu ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, na kwenye nyaya ndefu zenye kelele hata hiyo haikufikiwa. Modemu ikishapiga, ikasikia mlio wa mwenzake na kuelewana naye kasi, seva ya upande wa pili ilituma neno “login” na kusubiri jina la mteja. Kisha “password”, ikasubiri nywila. Kujibu kulikuwa kazi ya skripti ya kuingia, yaani mistari michache ya kusubiri na kutuma: subiri neno hili, tuma jina, subiri lile, tuma nywila, halafu anzisha PPP, kanuni inayobeba data za intaneti juu ya laini ya simu. Ilikuwa hodi na karibu, na aliyetangulia kusema kabla ya kukaribishwa hakusikika. Mafundi wengi waliiagiza skripti isubiri “ogin”, bila herufi ya kwanza, kwa makusudi. Seva moja ilianza neno hilo kwa herufi kubwa, nyingine kwa ndogo, na mwanzo wa neno ulikuwa rahisi kuharibiwa na kelele. Skripti iliyosubiri neno zima ingeweza kukaa kimya mpaka muda ukaisha, huku seva nayo ikisubiri jina, kila upande ukidhani zamu ni ya mwenzake.

Thamani ya njia hiyo ilikuwa kwenye kumbukumbu yake. Mazungumzo yote yaliweza kuandikwa, lililosikika na lililotumwa, na fundi akasoma yalipokatikia. Kama hakuna mlio wa laini, hitilafu ni ya simu na kompyuta isiguswe. Laini ikiwa na shughuli kila mara, labda mtoa huduma ana modemu chache kuliko wateja wake. Herufi za ajabu zikimiminika baada ya kuunganishwa, aidha laini ina kelele, au mpangilio wa biti haulingani, au seva imeshaanza PPP bila kuuliza jina, na hapo skripti yenyewe ndiyo kikwazo. Seva ikiuliza jina upya baada ya kupewa nywila, tatizo liko kwenye jina, nywila au akaunti. Kumbukumbu isipotosha, fundi aliiweka skripti kando, akaandika majibu kwa mkono, akanakili kila neno la seva, kisha akaitunga skripti upya kwa aliyoyasikia.

Haya si ya makumbusho. Modemu ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta ya ofisi huweza kupiga *99#, na amri zake huanza kwa herufi AT kama zilivyoanza kwenye modemu za Hayes mwaka 1981. Ngazi nazo hazijafutika: mawimbi ya mnara, laini kukubaliwa, bando, njia ya kwenda nje, seva ya taasisi, nywila ya mhudumu. Mei 2024 inatosha kuonyesha umuhimu wa kuzitofautisha. Tarehe 12 kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika nchini. Hakuna fundi wa Mtwara aliyeweza kuziunga. Lakini siku bando la ofisi limekwisha, au nywila ya mhudumu imepitwa na muda, dawa iko mezani na ni ya dakika kumi. Mwananchi husikia maneno yale yale manne siku zote mbili. Katika mkoa ambao korosho inauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa soko la bidhaa la TMX na mkulima analipwa kupitia benki, kutojua kama asubiri dakika kumi au wiki nzima ni nauli, ni deni dukani, ni ada ya mtoto.

Yapo mapingamizi, na la usalama ndilo zito. Anayesema mengi kuhusu mfumo wake humsaidia mwizi, na skripti za zamani zilikuwa na dosari hiyo hasa: nywila ilikaa ndani yake wazi na kutumwa wazi, na kutumwa huko ni sababu mojawapo ya kuhamia kwenye njia kama CHAP, isiyopitisha nywila yenyewe kwenye laini. Nakubali. Hata hivyo seva nyingi za wakati ule zilijua mpaka: zilisema kuingia kumeshindikana bila kutaja kama kosa ni la jina au la nywila. Kutaja hatua si kutoa siri. Wengine husema mwananchi hahitaji undani huu. Wavuvi wa pwani hii hupanga siku kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua na maji mafu. Watu hao hawashindwi kuelewa kwamba mnara ni mzima ila seva ya Dodoma haijibu.

Linalohitajika ni dogo. VETA Mtwara na vyuo vingine vya hapa vinaweza kuwafundisha wanafunzi kupima mawasiliano ngazi kwa ngazi, wakibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kila dirisha la huduma liwe na daftari la safu tatu: saa huduma ilipokatika, hatua iliyokwama, na nani amepigiwa simu. Anayefika saa nane mchana asomewe kilichoandikwa tangu saa tatu asubuhi, kisha aamue mwenyewe kama atasubiri au atawahi boti.