Kipindupindu Kakuma: dalili huanza kabla ya mlango wa hospitali

Leo natoka kidogo huku kwetu pwani, twende Turkana.

Mgonjwa wa kuharisha akifikishwa hospitali ya rufaa ya Lodwar, au zahanati ya kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka hapo, swali la kwanza ni moja: huyu atazidiwa au la? Kipindupindu hakingoji majibu ya maabara. Huweza kuua mtu mzima kwa saa chache. Muuguzi hutazama kama macho yamezama, hujaribu kama mgonjwa anaweza kunywa, kisha hufinya ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au polepole. Hapo huamua: maji ya chumvi na sukari ya kunywa, au dripu papo hapo. Wakiwahiwa, hafi hata mmoja katika mia.

Lakini mtoto aliyekonda kwa njaa, ngozi yake hurudi polepole na macho yake yamezama hata kabla hajaharisha. Akijazwa dripu ovyo, moyo huenda ukashindwa. Akidhaniwa ni njaa tu, atakufa kwa kukaukiwa. Na mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa sana baada ya Marekani kukata misaada. Kumnyima mtoto chakula, basi, ni kumziba muuguzi macho pia.

Tena ipo bashiri ya kabla ya hospitali. Mwaka 2005 kipindupindu kiliwapata watu 418 Kakuma, wanne wakafa. Watafiti waliona hatari imezidi kwa waliotumia choo kimoja na kaya tatu au zaidi, na kwa waliohamia kambini karibuni. Waliofunika maji ya kunywa walipata kinga. Mwaka 2009 kikarudi, wagonjwa 224, na safari hiyo sabuni ndiyo iliyoonekana kuokoa.

Kwa hiyo mimi nasema, kabla ya mitambo ya bei kubwa, tununue sabuni, tuchimbe vyoo, na kila mlango wa wodi uwe na mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto, ili muuguzi ajue njaa ni ipi na kiu ni ipi.

Nasi tusijione tuko mbali. Mitaani mwetu visima vingapi vimepakana na mashimo ya vyoo? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.