Ua Wetu Usimdhuru Mtoto



Katika vijiji vingi, ua wa nyumba au zizi hupandwa minyaa, ambayo wengine huiita minyara, au mibono kaburi. Miti hii hushika upesi, huvumilia ukame, na mifugo haiili. Lakini watu huuliza: je, utomvu wake ni dawa? Je, mbegu zake huliwa?

Utomvu si wa aina moja. Gundi ya baadhi ya migunga, inayoganda kwenye gome, huliwa, na viwandani hutiwa katika peremende na soda. Utomvu mweupe wa mnyaa ni kitu kingine kabisa. Huunguza ngozi. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, jicho huvimba, na mtu anaweza kupofuka. Likitokea hilo, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa au zaidi. Kisha nenda hospitali. Usitie majani, mkojo wala maziwa.

Mbegu za mbono kaburi zina utamu kama wa karanga. Ndiyo sababu watoto huzila. Lakini zina sumu, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Mtoto aliyezila hutapika, huumwa tumbo na kuharisha. Maji yakimwishia mwilini anaweza kufa. Usimlazimishe kutapika. Mpeleke zahanati upesi, na mchukue mbegu mkononi ili mganga aione.

Wapo wanaosema miti hii ing'olewe yote. Sisi hatukubaliani nao. Ua huzuia mifugo isiingie shambani na hupunguza upepo. Kosa si la mti, bali ni letu sisi tunaoupanda bila kuwaeleza watoto. Hata hivyo, haifai kuipanda kando ya shule wala mahali watoto wanapochezea.

Wapo pia wanaosema wazee walitibu macho kwa utomvu. Wazee wetu wanajua dawa nyingi, nasi tunawaheshimu. Lakini mzee anayeijua miti kweli anaujua pia mti usioguswa. Jicho likiharibika halina badala.

Mzazi, usingoje mkutano wa kijiji. Leo jioni watoe watoto uani, waonyeshe mti kwa kidole, uwaambie: huu hauchezewi, na mbegu zake haziliwi. Kinga ni bora kuliko tiba.